Drrr kwenye rekodi: kabla hujanunua maiki nyingine

"Shikamoo fundi. Hii nayo mbovu."

Ilikuwa maiki yake ya tatu kutoka Kariakoo. Kijana yuko chuo hapa Dar, ameunda kinasa sauti cha kurekodi ndege wa usiku kule msitu wa Pugu: bodi aliyoichora mwenyewe yenye chipu ya ATmega328 inayoendesha programu, maiki ndogo ya elektreti (aina ya bei nafuu inayohitaji kulishwa umeme), amplifaya ya kukuza sauti na memori kadi. Nikavaa hedifoni. Sauti yake inahesabu moja, mbili, tatu, na nyuma yake kuna drrrr isiyokatika, kama bajaji iliyoegeshwa bila kuzimwa. Juu ya hiyo, filimbi nyembamba.

Maiki zote tatu zilikuwa nzima. Inaniuma mtu anapomaliza nauli yake kununua kifaa ambacho hakina kosa, kwa hiyo naandika hatua tulizopita.

Filimbi kwanza. Tulichomoa chaja ya simu iliyokuwa ikilisha bodi, tukaweka betri nne za kuchaji, jumla volti 4.8. Ikatoweka papo hapo. Chaja hukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Ikiwa inakata kwa kilohezi 65 nawe unachukua sampuli 16,000 kwa sekunde (yaani unapima sauti mara 16,000), kelele hiyo ambayo sikio haliisikii hujikunja na kuingia kwenye rekodi kama mlio wa kilohezi 1. Pawabenki usiitumie kwa jaribio hili: ndani yake kuna saketi ya kupandisha volti, nayo ina kelele zake.

Lakini drrr ilibaki, kwa hiyo haikutoka kwenye umeme wa ukutani. Hapo ndipo hesabu ilipotusaidia kuliko mita. Programu yake hunasa sampuli 16,000 kwa sekunde, kila moja baiti 1, na huandika kwenye kadi kwa mafungu ya baiti 512. Gawanya: kadi inaandikwa mara 31 hivi kila sekunde. Nikamwambia, "Mdogo wangu, shusha sampuli ziwe 8,000." Tukarekodi tena, na drrr ikapungua kasi nusu, ukaanza kusikia tik-tik moja moja. Tukamjua mwenye kelele: kadi.

Kadi ikiandika huvuta mkondo kwa mshtuko, mara nyingi makumi ya miliampia, pengine 100 na zaidi. Volti ya bodi nzima inayumba kidogo. Sasa maiki ya elektreti hulishwa kupitia rezista (kipande kinachozuia mkondo) kutoka kwenye volti hiyohiyo, na mguu unaolishwa ndio huohuo unaotoa sauti. Mtikisiko wa milivolti 1 pale, amplifaya ikiukuza mara 100, unafika kwenye ADC, sehemu ya chipu inayogeuza volti kuwa namba, ukiwa milivolti 100, yaani hatua 20 hivi za ADC ya biti 10 inayotumia volti 5. Mlio wa ndege aliye mbali unaweza usifike hata hapo.

Dawa yake ni ya bei ndogo. Kabla ya rezista ya kilo-omu 2.2 inayolisha maiki, weka nyingine ya kilo-omu 1, na katikati yao kapasita (kipande kinachohifadhi chaji na kutuliza volti) ya mikrofaradi 100 kwenda hasi. Mtikisiko wa mara 31 kwa sekunde unapungua karibu mara 20. Mguu wa hasi wa kapasita uuchomee jirani kabisa na hasi ya maiki.

Kuhusu hasi, nasisitiza. Kwake, kadi na maiki zilirudi kwenye betri kwa waya mmoja mwembamba. Waya na viungo vyake vikiwa na omu 0.2 tu, miliampia 100 za kadi zinaacha milivolti 20 njiani, na maiki inazihesabu kama sauti. Tukaipa kadi, kupitia regulata yake inayoshusha volti hadi 3.3, waya wake wa chanya na wa hasi hadi kwenye betri, na kapasita mbili miguuni pake, mikrofaradi 100 na 0.1. Pini ya AVCC, inayolisha ADC umeme, tukailisha kupitia koili ya mikrohenri 10 na kapasita ya nanofaradi 100, kama waraka wa kiwanda cha chipu unavyoelekeza.

Ijumaa alinitumia rekodi ya Pugu. Nilipandisha sauti hadi mwisho nikiitafuta drrr, sikuipata. Iliyobaki ni shhh ya maiki yenyewe na amplifaya yake, na hiyo haitolewi kwa kapasita.