Lubumbashi hadi Kolwezi kwa miguu: watu wanane, siku tisa, gari moja

Kutoka Lubumbashi mpaka Kolwezi, Kongo, ni kilomita 300 hivi za lami: karibu 120 za kufika Likasi, kisha 180 zinazopita Fungurume. Zigawe kwa siku nane za kukimbia, weka siku moja ya kupumzika Likasi, na kila siku inabaki na kilomita 36 hadi 40. Aliyezoea kilomita 20 za Jumapili kwenye barabara ya Kasapa anaweza kuimaliza siku ya kwanza akicheka. Siku ya tatu ndiyo inayovunja makundi, na kwa kawaida imeshaharibiwa tangu asubuhi ya siku ya kwanza, pale wawili wenye miguu myepesi wanapotangulia mita 500 na wengine kuona aibu kubaki nyuma.

Ndiyo maana naanza na mwendo. Kimbieni dakika 25 kwa kasi ya dakika 7 na nusu kwa kilomita, kisha tembeeni dakika 5. Tembeeni tangu nusu saa ya kwanza, saa inaposema, hata kama mwili bado unajiona mpya. Ukipiga hesabu, mnakwenda kilomita 7 na nusu kwa saa, na pamoja na vituo vya maji kilomita 40 zinaisha ndani ya saa sita. Kipimo cha mdomo ni hiki: kila mmoja aweze kusema sentensi nzima bila kukata pumzi. Akishindwa mmoja, kasi imezidi kwa wote.

Mbele mweke aliye wa polepole kuliko wote. Wengi wanamweka nyuma, eti asisumbue, na huko anajiua kufukuza migongo ya wenzake. Akiwa mbele, kundi zima linapata kasi yake, na hakuna anayeachwa. Wa mwisho awe yule mwenye uzoefu zaidi, na awe na firimbi. Sababu yake inakuja hapa chini.

Mwezi wa kwenda ni wa sita au wa saba. Mvua zimekwisha, mchana joto halizidi sana digrii 25, usiku linashuka chini ya 10. Kuanzia mwezi wa nane watu wanachoma majani kila upande na moshi unalala juu ya barabara. Mwezi wa kumi joto linapita 30, na baada ya hapo mvua inakuja. Mwezi wa sita jua linachomoza karibu saa 12 na nusu. Ondokeni saa 12 na robo, mwanga ukishatosha kwa shofa (dereva) kuwaona, na saa sita na robo mchana muwe mmefika. Kutangulia gizani ili kukwepa jua ni hesabu mbaya: jua la mwezi wa sita linavumilika, kamioni (malori) ndizo za kuogopa.

Kongo magari yanakwenda upande wa kuume, kwa hiyo sisi tunakimbia upande wa kushoto, uso kwa uso nayo, safu moja, mita mbili kati ya mtu na mtu. Hilo linajulikana. Lisilofikiriwa ni gari linalotoka nyuma yenu na kupita kamioni nyingine: likitoka kwenye mstari wake linaingia upande wenu, kutoka mgongoni, na hamlioni. Sasa ongeza kwamba magari mengi ya Katanga yana usukani wa kuume. Shofa wa namna hiyo akiwa nyuma ya kamioni haoni mbele mpaka atoe nusu ya gari upande wa kushoto. Anatoa ili achungulie, na pale anapochungulia ndipo mlipo. Mtu wa mwisho, kila akisikia injini inapanda nyuma, anageuza kichwa. Akiona pua ya gari imetoka kwenye mstari anapiga firimbi mara moja, ndefu, na wote wanashuka kwenye majani bila kugeuka kutazama. Ni marufuku mtu yeyote kuziba masikio na muziki.

Kutoka Lubumbashi asubuhi mtakutana pia na wauza makala (makaa) wanaoingia mjini na kinga (baiskeli) zao, magunia yamepita kichwa. Wao wako upande wao wa kuume, ambao ndio upande wenu wa kushoto, na mzigo ule hausimami kwa breki. Wapisheni nyinyi. Mwenye mteremko ana haki kuliko mwenye viatu vizuri.

Jambo jingine la barabara hii ni asidi. Tangi za asidi ya salfa zinakwenda migodini mchana na usiku. Mkiona lami imelowa na mvua hakuna, msikanyage: zungukeni kwa mbali, upande upepo unakotoka. Msipumzike karibu na tangi lililoegeshwa, hata kivuli chake kikivutia.

Gari lenu lisiwafuate nyuma kwa kutambaa. Watu wanadhani linawalinda. Gari linalokwenda kilomita 8 kwa saa linalazimisha kila kamioni kulipita, na kila anayelipita anakuja upande wenu. Liende mbele kilomita 5, litoke kabisa nje ya lami, lisubiri. Mkifika, mnajaza chupa, mnakula, mnaangalia miguu, dakika tano, mnaondoka. Kwa siku ya kilomita 40 ni vituo saba.

Ndani ya gari, maji kwanza. Watu wanane, saa sita, nusu lita kwa saa kwa kila mtu: lita 24. Jioni lita mbili kila mmoja: 16. Kupika, kunawa mikono na kuosha miguu: 30. Jumla lita 70, yaani bidoni nne za lita 20 zilizojaa kila asubuhi. Jazeni mjini au kwenye bomba mnalolijua. Msichote kwenye vijito vilivyo chini ya migodi, wala msiogee. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini shaba na metali nyingine zinabaki palepale kwenye sufuria. Ya visima vya vijijini tia dawa ya klorini kama ilivyoandikwa kwenye pakiti na usubiri nusu saa. Kipindupindu si mgeni kwetu, na tumbo linatoa watu barabarani kuliko goti. Sabuni iwe mlangoni mwa gari, na hakuna mkono unaoingia kwenye mfuko wa karanga kabla ya kunawa.

Kinywaji cha njiani hakihitaji duka kubwa. Kwa lita moja ya maji safi: vijiko 12 vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa, na robo kijiko cha chumvi, pamoja na ndimu kidogo. Hiyo ni gramu 50 hivi za sukari. Usiichanganye na ile ya mgonjwa wa kuhara, ambayo ni vijiko 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Ukipita kipimo cha sukari, tumbo linajaa na kucheza. Ukinywa maji matupu mengi mno, damu inazimuliwa chumvi yake: vidole vinavimba, pete inabana, kichwa kinauma, mtu anaanza kujibu maswali vibaya. Huyo usimwongezee maji. Msimamishe, mpe kitu cha chumvi, na akili ikianza kupotea mpelekeni hospitali mara moja. Munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, ni mzuri jioni ukiwa wa siku hiyo. Uliokaa umeshaanza kuwa pombe.

Chakula cha mbio ni ndizi na viazi vitamu vilivyochemshwa na chumvi, kidogokidogo kila kituo. Ndizi moja ya kadiri inakupa gramu 25 za wanga, na mwili unataka 30 hadi 60 kwa saa. Karanga chache tu, mafuta yake yanachelewa tumboni. Jioni bukari (ugali), nyingi, na samaki. Sombe (kisamvu) yenye mawese mimi naiweka Likasi, siku ya kupumzika. Najua nitapigiwa kelele kwa hili, lakini sombe na maharage ya usiku hudai haki yao kesho yake kwenye kilomita ya 12, ambako hakuna choo.

Sasa miguu. Kata kucha siku tatu kabla, mstari ulionyooka. Viatu vizidi nusu namba, maana kufikia siku ya nne mguu umevimba, na viwe vimekwisha kukimbia kilomita 100 angalau. Lengelenge halianzi na maji, linaanza na joto: sehemu moja ya kisigino au ubavu wa kidole gumba inahisi kama imeegemezwa sufuria ya moto. Simama kwenye kituo kinachofuata, usingoje cha baada yake. Futa vumbi, kausha kabisa, bandika sparadra (plasta) uliyoikata pembe zake mviringo, kwa sababu pembe kali hukunjuka ndani ya soksi na kuzaa lengelenge la pili. Ipapase mpaka isiwe na mkunjo hata mmoja, vaa soksi kavu. Likishajaa maji na linauma, safisha kwa Betadine, chukua sindano mpya, toboa pembeni, chini, matundu mawili au matatu, kamua kwa kompresi (kitambaa safi cha jeraha), na ngozi ya juu iache. Ngozi hiyo ni kifuniko, na anayeichana atakimbia siku tano zinazobaki juu ya nyama mbichi. Likiwa na damu ndani, usilitoboe.

Barabara ina mgongo, nanyi mko ukingoni mwa kushoto siku nzima, kwa hiyo mguu wa kushoto unatua chini kuliko wa kuume. Kufikia siku ya tatu kuna atakayelalamika upande wa nje wa goti au nyonga. Dawa yake ni kushuka kwenye udongo sawa pembeni kila unapopatikana. Msihamie upande wa pili wa lami. Maumivu yanayosambaa kwenye muundi yanaweza kutembezwa. Yanayokaa kwenye nukta moja ya mfupa, ukiibonyeza mtu anaruka, hayo yapande gari na yasishuke.

Watu hukimbilia diklofenaki kama peremende. Kwenye mbio ndefu, ukiwa umekauka maji, inaumiza figo na tumbo, na inaficha mfupa unaopasuka. Parasetamoli baada ya kuoga, basi. Homa ya jioni msiite uchovu: bebeni kipima joto na vipimo vya haraka vya malaria, na mwenye malaria safari yake imeishia hapo.

Karatasi: kila mmoja na kadi ya mchaguzi, na barua moja yenye majina yote, njia na tarehe, nakala kumi. Zitaombwa kwenye peyaji (vituo vya kulipia barabara) na vizuizi. Msipige picha za madaraja, askari wala mageti ya migodi. Kijiji mnacholala, mwende kwanza kwa chifu, kabla ya kushusha godoro hata moja.

Mazoezi ni wiki 16. Hesabu inayofaa ni ya siku mbili mfululizo: Jumamosi 20 na Jumapili 15 mwanzoni, ikipanda taratibu. Wiki ya kumi na tatu fanyeni Kipushi: kilomita 30 kwenda Jumamosi, lala huko, 30 kurudi Jumapili, na gari lilelile, shofa yuleyule, bidoni zilezile. Atakayewaacha wenzake kwenye njia ya Kipushi atawaacha pia ya Likasi, na hapo bado mna wiki tatu za kuzungumza naye, au za kumpa usukani.

Ukishavuka Lualaba, Kolwezi haiko mbali, na hapo kundi linaanza kukimbia kama linafukuzwa. Msikubali. Mjini moto (pikipiki) zinatoka kila upande na macho yamechoka. Kilomita tano za mwisho tembeeni zote, safu moja, firimbi mdomoni. Kurudi Lubumbashi ni saa nyingi za kukaa; kila gari linaposimama, shuka utembee dakika kumi, na viatu uvae visivyofungwa kamba, kwa sababu vile vya mbio jioni hiyo havitaingia.