Mafuta ya karafuu hayazibi jino lililotoboka

Wengi wanaamini kwamba tone la mafuta ya karafuu kwenye jino bovu huua bakteria na kuliponya. Imani hii haikuzuka hewani. Karafuu ina yujenoli, kemikali inayotia ganzi na ambayo, ndani ya kisahani cha maabara, huua bakteria wa kinywani, akiwemo Streptococcus mutans anayehusishwa sana na kutoboka kwa meno.

Lakini kinywa si kisahani. Humo bakteria hujikusanya kwenye ukoga, utando unaonata ambao dawa hupenya kwa shida, na mate huyaondoa mafuta upesi. Tundu nalo halijizibi: maumivu yakitulia, uozo huendelea kimyakimya. (Hapo mtu hudhani amepona, na si ajabu.) Mafuta yasiyozimuliwa huweza pia kuunguza fizi, na mtoto akiyameza ni hatari.

Ukisoma kwamba mafuta fulani “yanaua bakteria”, tazama: yalijaribiwa kwenye kisahani au kwa watu? Kwa muda gani? Yalilinganishwa na nini? Kwa mfano, dawa za kusukutua zenye timoli na mentoli, kemikali za mafuta ya mimea, zimepimwa kwa watu, na hupunguza ukoga zikitumika pamoja na mswaki, si badala yake.