Punda mzee na masika ya Dodoma: maneno ninayochoka kuyasikia

Masika yakishika, simu zangu nyingi huwa za aina moja. Mtu wa Bahi, wa Mvumi au wa Hombolo ananiambia punda wake mzee amelala zizini na hataki kuinuka. Kabla sijauliza lolote, anatangulia kujibu: "Lakini daktari, usiseme ni mvua. Punda hadhuriki na mvua." Katika miaka yangu ya kutibu mifugo hapa mkoani sijaona imani iliyopoteza punda wengi kuliko hiyo. Ndiyo nitakayoisema kwa kirefu. Nyingine nitazigusa tu.

"Punda ni mnyama mgumu, mvua haimfanyi kitu"

Ugumu wa punda ni wa ukame. Asili yake ni punda mwitu wa nchi kavu za kaskazini-mashariki mwa Afrika, upande wa Eritrea, Ethiopia na Somalia, na watu walianza kumfuga takriban miaka 7,000 iliyopita. Mwili wake umezoea kubana maji. Anavumilia kiu kuliko ng'ombe, anashiba mabua, na anatembea juani saa nyingi bila kulalamika. Akishalowa, hayo yote hayamsaidii. Manyoya yake hayachuruzi maji kama ya farasi, wala hayaongezeki unene sana msimu unapobadilika. Maji hufika kwenye ngozi upesi na hukawia kukauka.

Hapo huambiwa kwamba Dodoma hakuna baridi ya kumuumiza mnyama. Ni kweli hatuna baridi ya Njombe. Lakini mvua yetu, ambayo kwa mwaka ni kama milimita 500 hadi 600 na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili, mara nyingi huja kwa kishindo pamoja na upepo. Ikipiga jioni, punda aliyefungiwa zizini kwa kuogopa fisi atasimama na maji mgongoni mpaka jua lichomoze. Punda kijana mwenye nyama atatetemeka, asubuhi ajikung'ute, aende malishoni. Mwenye miaka 18 au 20 hana akiba hiyo. Nguvu kidogo aliyoipata kwenye chakula inaishia kuupasha mwili joto, kesho yake anaamka mnyonge, na mnyonge hali chakula.

Nataka kila mwenye punda aelewe kinachotokea punda asipokula. Mwili wake huyayeyusha mafuta yaliyohifadhiwa na kuyamwaga kwenye damu kwa wingi kuliko ini linavyoweza kuyamudu. Ini na figo huanza kushindwa, na ndani ya siku chache mnyama anaweza kufa. Ng'ombe wako akigoma kula siku moja unaweza kusubiri uone. Kwa punda mzee usisubiri. Na usitegemee kwamba ataonyesha maumivu kama farasi anavyojigaragaza. Punda huficha. Atasimama kimya, masikio yameinama, amejitenga kidogo na wenzake, na mwenye mali atasema "ametulia leo". Aliyetulia kuliko kawaida yake na ameacha chakula ni mgonjwa mpaka ithibitike vinginevyo. Pima joto kwa kipimajoto cha kawaida njia ya haja kubwa: punda mzima huwa kati ya nyuzi 36.5 na 37.8. Joto la 38.5, ambalo kwa ng'ombe ni la afya, kwa punda ni homa. Nimeona punda wenye homa wakiachwa bila tiba kwa sababu aliyewapima alitumia kipimo cha ng'ombe kichwani mwake.

Tuje kwenye ngozi. Ngozi iliyolowa siku nyingi hulainika, na hapo bakteria wanaoitwa Dermatophilus huingia. Utaona magamba mgongoni na kiunoni, na ukiyavuta yanatoka na kishungi cha manyoya, chini kukiwa kubichi na kuna usaha. Watu huiita ukurutu na kukimbilia kupaka mafuta ya kula au grisi. Unapopaka mafuta juu ya ngozi yenye maji unayafungia maji humo ndani, na bakteria hao wanapenda hivyo. Mwondoe mvuani. Lainisha magamba kwa maji ya vuguvugu yenye ayodini iliyozimuliwa, yatoe taratibu bila kumchubua, kisha mkaushe kwa kitambaa. Usimwekee matandiko wala gunia mpaka apone. Ugonjwa ukiwa umeenea, atahitaji antibayotiki kutoka kwa daktari.

Kwato ndizo hasa zinazonikasirisha, kwa sababu uharibifu wake unaonekana kwa macho na bado haushughulikiwi. Kwato za punda hunyonya maji. Akisimama wiki baada ya wiki kwenye tope lililochanganyika na samadi, ukuta wa kwato hulainika na kuachana na nyayo, uchafu hupenya kwenye mpaka huo, na jipu hujijenga ndani. Siku moja punda anashindwa kabisa kukanyaga mguu mmoja, na mwenyewe anaapa amevunjika. Mara nyingi ukichokonoa kidogo usaha mweusi unatoka na mnyama anapumua. Sehemu laini ya katikati nayo huoza na kutoa harufu ambayo ukishainusa hutaisahau. Kila jioni ya masika inua kila mguu, toa tope kwa kijiti butu au chuma kisicho na ncha, angalia, nusa. Kwa miguu minne ni dakika chache. Kwato zikatwe na kusawazishwa kila baada ya wiki 6 hadi 10, na anayezikata awe mtu aliyefundishwa, asiwe jirani mwenye panga.

Yote haya yanazuilika kwa paa. Ushauri wangu wa kwanza ni huo kabla hujanunua hata chupa moja ya dawa, na nitaurudia mpaka watu wachoke kuusikia. Huhitaji matofali. Miti minne, paa la bati kuukuu au la nyasi zilizosukwa vizuri, ukuta wa mabua upande upepo unakotokea, na juu ya yote sakafu iliyoinuliwa. Jaza changarawe au moramu, uipe mteremko, uchimbe mfereji kandokando maji yapate pa kwenda. Kwa wenzetu wa udongo mweusi wa mbuga kule Bahi, sakafu ni muhimu kuliko hata paa, kwa sababu udongo ule ukishashika maji hauyaachii. Na umtenge na ng'ombe. Kwenye zizi la pamoja punda mzee ndiye anayesukumwa kwenye dimbwi, maana hana nguvu ya kugombania pakavu.

"Amekonda kwa sababu ni mzee"

Uzee peke yake haukondeshi. Punda anayetunzwa vizuri anaweza kufikisha miaka 30. Mzee akikonda, mimi huanza na mdomo. Magego ya punda huendelea kutoka kwenye ufizi kadiri yanavyosagika, na yasiposagika sawasawa hubaki na kingo kali zinazokata shavu na ulimi. Akishazeeka sana, mengine huisha au kung'oka. Angalia chini ya hori. Ukikuta madonge ya majani yaliyotafunwa nusu na kutemwa, huyo ana njaa huku chakula kipo mbele yake. Kingo huondolewa kwa tupa maalumu ya meno, na kazi hiyo ni ya daktari. Asiye na magego mkatie majani mafupi mafupi, ama loweka pumba safi na majani yaliyosagwa yawe laini, umpe mara nne kwa siku kidogokidogo.

Masika yanachanganya zaidi kwa sababu nyasi zimejaa kila mahali na mtu haelewi punda anakondaje. Nyasi changa zina maji mengi. Mwenye meno mabovu anajaza tumbo na bado anapungua. Na usimpime kwa macho, kwani tumbo la majani mabichi na manyoya yaliyovurugika huficha mifupa. Pitisha kiganja mbavuni na kwenye uti wa mgongo, mkono utakwambia.

Minyoo nayo husingiziwa kila kitu. Ipo, na dawa anastahili kupewa, lakini nimekuta wanyama waliomwagiwa dawa ya minyoo mfululizo huku jino bovu likiendelea kukata ulimi.

"Kama anasimama, anabeba"

Dumu moja la lita 20 likijaa lina kilo 20. Madumu manne ni kilo 80, na punda wetu wengi hawafiki kilo 150. Huo ni zaidi ya nusu ya uzito wake. Kijana mwenye nguvu tunambebesha hivyo kila siku na tunalipia baadaye kwa migongo iliyooza. Kwa mzee, kwenye njia yenye utelezi, mwisho ni madumu mawili, moja kila upande, yakiwa na uzito sawa ili matandiko yasivute kwenye uti wa mgongo. Matandiko yawe makavu. Gunia lililolowa likisuguana na ngozi iliyolainika hutoboa kidonda kwa safari moja. Mkokoteni kwenye tope nao ni mzigo mwingine kabisa: kile alichokivuta kirahisi mwezi Septemba, Februari kinaweza kumvunja. Punguza nusu, ushuke, umsaidie kusukuma.

Kumpanda? Kiwango kinachotumika kwa punda mzima mwenye afya ni mtu asiyezidi kilo 50. Mzee asipandwe na mtu mzima, na wakati wa tope asipandwe na yeyote. Siku kavu mtoto mdogo anaweza kumpanda kwenda mashineni, mradi akae mbele karibu na mabega. Vijana wengi hukaa kiunoni, mahali ambapo hakuna mbavu za kuubeba uzito.

"Anagoma korongoni kwa ukaidi"

Hapa naomba watu wanisikilize. Makorongo yetu ya mchanga huwa makavu asubuhi na jioni yamejaa, hata kama mvua imenyesha mbali huko juu usikoiona. Punda asiyejua kina cha maji husimama. Ndivyo alivyo: akitilia shaka anaganda, hakimbii kama farasi. Mzee ambaye macho yameanza ukungu husimama mapema zaidi, na kwa haki. Anayemchapa fimbo aingie anamlazimisha kufanya jambo ambalo mnyama amekataa kwa akili. Mwache apumzike, tangulia wewe na mti upime kina, au rudini nyumbani. Watu na mikokoteni yao wamechukuliwa na maji kwenye vivuko ambavyo punda alikwisha kuvikataa.

Mateke nayo ni hivyohivyo. Punda mpole wa miaka mingi akianza kurusha mateke unapomfunga matandiko, lala chini uangalie tumbo na mbavu. Utakuta kidonda.

"Oili chafu hukausha kidonda"

Haikaushi. Inachoma nyama mpya inayoota na kuingiza uchafu wa injini mwilini. Majivu, samadi na tindikali ya betri ni hivyohivyo au vibaya zaidi. Chemsha maji, yaache yapoe, weka kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa kila nusu lita, osha, ukaushe, umpumzishe kazi. Kidonda kirefu au cha msumari kwenye kwato kinataka daktari siku hiyohiyo kwa ajili ya pepopunda, kwa kuwa jamii ya farasi na punda huathirika nayo kuliko wanyama wengi wa kufugwa. Chanjo ipo, na wakati mzuri wa kuiulizia ni kabla mvua haijaanza.

"Tumwogeshe na ng'ombe, kupe ni walewale"

Kupe ni walewale, mwili si uleule. Dawa ya josho yenye amitrazi husimamisha mwendo wa utumbo wa punda, kinyesi kinaganda ndani, na mnyama anakufa kwa tumbo. Soma kibandiko cha dawa. Ukishindwa kujua kilichomo kwenye josho la kijiji, punda abaki nje na kupe watolewe kwa mkono.

"Chakula cha kuku kitamnenepesha"

Baadhi ya vyakula vya kuku na vya ng'ombe huchanganywa monensini, dawa ambayo kwa kuku ni kinga na kwa punda ni sumu ya moyo. Kiasi kidogo kinatosha kumuua, na hakuna dawa ya kuiondoa. Mahindi yenye ukungu ni hatari nyingine. Dodoma na Manyara tuliona mwaka 2016 sumukuvu ilivyoua watu, na tangu hapo familia nyingi huchambua mahindi vizuri kabla ya kusaga. Yale mabovu wanayoyatenga humwagiwa punda. Ukungu wa mahindi una sumu nyingine inayoyeyusha ubongo wa punda na farasi: anayumba, anakuwa kipofu, anaegemeza kichwa ukutani, na akifikia hapo hakuna kinachoweza kufanyika. Mahindi ambayo usingempa mwanao yachimbie shimo.