Je, wajua? Hata emsii anaishiwa chaji, tena kama wewe mkimya

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nazijibu simu za kamati za harusi kwa sentensi moja, "mi ni introvati bana, watu wananimalizia chaji." Sentensi hiyo inafanya kazi balaa. Mtu habishani na wewe, anakuonea huruma kidogo kama vile umemwambia una presha, afu anasema basi tuma mchango tu. Nadharia yangu ilikuwa nyepesi: watu tuko aina mbili, kuna ekstrovati, hawa wakikaa na watu wanajaa chaji, na kuna introvati, hawa wakikaa na watu wanaisha. Mimi kundi la pili, binamu yangu ambaye ni emsii wa harusi kundi la kwanza, kila mtu abaki kwenye soketi yake.

Siku moja nikamsindikiza kazini. Ukumbi wa kukodi, watu kama 300 hivi, jamaa tangu saa mbili usiku yuko juu, anacheza na mashangazi wa bibi harusi, anawaita watu wa zawadi mmoja mmoja kwa majina, anamtania bwana harusi mpaka mwenyewe anafuta machozi. Saa saba kasoro nikaenda kumtafuta tuondoke nikamkuta kwenye gari, vioo juu, taa kazima, anakula pilau ya baridi kwenye foili. Nikamuuliza unaumwa? Akanyanyua kidole, kile cha subiri kwanza. Tumeendesha mpaka nyumbani hajasema neno. Kesho yake simu haipatikani hadi jioni, na mkewe akaniambia kwa sauti ya mtu aliyezoea, "kila baada ya shughuli ndo anakuwaga hivyo shemeji, mwache."

Sasa kama watu ndo wanamchaji, watu 300 si angewaka mpaka Jumatano?

Kumbe swali hili kuna watu walishalipima, tena Finland, nchi ambayo watu wake wanasifika kwa kutopenda maneno mengi (hapo nilicheka kidogo). Sointu Leikas na Ville-Juhani Ilmarinen walitoa utafiti mwaka 2017, walichukua wanafunzi 48 wa chuo wakawafuatilia kwa siku 12, mara 5 kwa siku mtu anaulizwa sasa hivi umekuwaje, umeongea sana au umekaa kimya, mudi yako vipi, umechoka kiasi gani. Majibu yakaja kwa sehemu mbili na zote zinashangaza. Kwanza, mtu yeyote alipokuwa mchangamfu na mwongeaji alijisikia vizuri muda uleule, na hao introvati wamo. Pili, mtu yeyote aliyekuwa mchangamfu alikuwa amechoka zaidi baada ya kama masaa matatu, na hao ekstrovati wamo. Walipotafuta kama tabia ya asili ya mtu inabadilisha hiyo hesabu, hawakuona. Mkimya na mcheshi wote walifurahi sasa wakachoka baadaye.

Hapo ndo nadharia yangu ya soketi mbili ilipoungua. Nilikuwa nimeweka uchovu kwenye jina la mtu, wakati uchovu unafuata alichokifanya. Umeongea, umecheka, umesikiliza stori ya mtu kwa uso wa kujali huku muziki unapiga, umelipia, uitwe introvati au vinginevyo. Na nadhani (hapa ni mimi nadhani, wao hawakupima hili) kinachotudanganya ni yale masaa matatu. Bili haiji ukumbini, inakuja ukiwa umeshafika nyumbani, kwahiyo mcheshi akichoka anasema foleni imenimaliza, au ile nyama haikuiva vizuri. Mkimya yeye ana jina tayari la uchovu wake, analitumia hata kabla ya kutoka ndani.

Niseme pia kwamba wanafunzi 48 ni wachache, wote wa sehemu moja, na kila kitu ni mtu kujijazia mwenyewe jinsi anavyojisikia. Afu kulikuwa na kitu kingine, hata mtu akiwa makini na kazi zake, anajipanga na kutimiza majukumu, ilitokea vilevile, safi sasa hivi na uchovu baadaye. Kwahiyo huenda hata siyo suala la watu, huenda ni suala la kujituma tu kwa namna yoyote.

Lakini swali linabaki, kama bili ni moja, hizi aina mbili za watu zinatoka wapi, maana tofauti tunaiona kwa macho? Hapa kuna kazi ya William Fleeson, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Wake Forest kule Marekani, ya mwaka 2001, na hii ndo naipenda kuliko zote. Aliwapa wanafunzi vile vikompyuta vya mkononi vya enzi zile, mara kadhaa kwa siku kwa wiki mbili tatu wanajibu, katika muda uliopita umekuwa mwongeaji kiasi gani, jasiri kiasi gani, na kadhalika. Alichokuta ni kwamba mtu mmoja ndani ya hizo wiki anapita karibu ngazi zote, kuanzia kimya kama maji ya mtungini mpaka mropokaji, na kupanda na kushuka kwa mtu mmoja ni kukubwa kama si kuzidi tofauti iliyopo kati ya mtu na mtu.

Nilipoisoma mara ya kwanza sikuielewa, mpaka nilipoigeuza kuwa daladala. Chukua madereva wawili, ruti moja. Mmoja ana haraka, abiria wanamjua, wakiona gari lake wanashika bomba kwa mikono miwili kabla hajaondoa. Mwingine mpole, konda wake kila siku analalamika wanapitwa. Sasa kila gari liwekee kipimo, andika spidi kila dakika tangu alfajiri mpaka usiku. Utakuta yule wa haraka kuna dakika 40 alikuwa sifuri, foleni, trafiki kasimamisha upande wake kapitisha msafara. Na yule mpole kuna alfajiri barabara nyeupe kapiga 70. Yaani dereva mmoja ndani ya siku moja katoka sifuri kaenda 70, wakati ukipiga wastani wa siku nzima huyu na yule wamepishana labda kilomita 5 kwa saa. Ukimpiga picha dereva mmoja dakika moja huwezi kusema huyu ni yupi.

Ila rudia kupima wiki ijayo. Wastani wa yule wa haraka utarudi palepale juu kidogo, wa mpole palepale chini kidogo. Hicho nacho Fleeson alikikuta, dakika kwa dakika watu hawatabiriki lakini wastani wa mtu hauhami, na ndo maana abiria hawajakosea kushika bomba. Kwahiyo jina "ana haraka" ni la kweli, lakini ni jina la wastani, likichukuliwa kuelezea dakika hii hapa linapotea njia.

Na hapo ndo Finland inapokuja kukaa vizuri, maana mafuta hayamjui dereva. Injini inachoma kwa jinsi ulivyokanyaga. Mpole akipiga 70 anachoma kama mwenzake akipiga 70, tofauti ni kwamba mwenzake anakanyaga mara nyingi zaidi kwa wiki. (Mfano una kasoro moja, gari halifurahii kukimbia. Binadamu anafurahia, ndo maana wakati wa kuongea haangalii mshale wa mafuta.)

Nilijipima na mimi bila kompyuta yoyote. Kwenye kikao cha kamati niko sifuri, nakaa karibu na mlango naangalia simu ambayo haina meseji. Jumamosi kijiweni kwenye drafti napiga 70, naongea kuanzia kete ya kwanza, nasimulia mechi ambazo hata sikuziangalia, na kuna mzee pale jina langu halijui ananiita Redio tu. Nikimwambia yule mzee mi ni introvati atauliza kama inatibika.

Hii habari ya chaji ilianzia wapi basi? Kwa haraka haraka: maneno haya mawili, introvati na ekstrovati, yalienezwa na Carl Jung, daktari wa magonjwa ya akili wa Uswisi, kwenye kitabu chake cha 1921, na kweli aliongelea nguvu ya nafsi, lakini alichomaanisha ni uelekeo, kwamba nguvu ya huyu inatazama nje kwenye watu na vitu, ya yule inatazama ndani. Kujaa na kuisha kama simu kumekuja kuongezwa huko mbele. Na Jung mwenyewe alisema lipo kundi la tatu la katikati, na kwamba ndilo lenye watu wengi zaidi. Hilo hakuna aliyelitaka, maana huwezi kumwambia mtu wa kamati "mi niko katikati" akakuacha.

Baadaye akaja Hans Eysenck, mwanasaikolojia wa London, mwaka 1967, akasema jambo liko kwenye ubongo, kwamba introvati ubongo wake umeshaamka kiasi cha kutosha hata akiwa amekaa tu, kwahiyo kelele kidogo zinamzidi, ekstrovati umelala kidogo ndo maana anatafuta kelele. Sasa utapimaje? Wakatumia limau, wazo likiwa kwamba ubongo ulioamka zaidi utaitikia kwa nguvu zaidi ukichokozwa kwa kitu kilekile. Miaka hiyo ya 1960 walidondosha matone ya limau kwenye ulimi wa mtu, wakapima mate kwa pamba, na introvati wakaonekana wanatoa mate mengi zaidi. Nakiri nililijaribu nyumbani, mimi na binamu, pamba mbili na mizani ya jikoni ya mke wangu, ambayo kumbe chini ya gramu 5 haisomi, kwahiyo wote tulipata sifuri na jikoni tukafukuzwa. Majibu ya wataalamu yenyewe tangu hapo yamekuwa ya kupishana, na ile nadharia nzima ya ubongo ulioamka inayumba, ushahidi unaikubali leo unaikataa kesho.

Sitaki ionekane jina ni takataka. Mwaka 2019 kule Melbourne, Australia, Rowan Jacques-Hamilton na wenzake waliwapa watu kazi ya kuwa wachangamfu wiki nzima, yaani siyo wakijisikia, wameagizwa. Kwa ujumla mudi ilipanda, ila wale wakimya zaidi walipata faida ndogo, walichoka zaidi, na walijiona kama wanaigiza. Ukiweka na ile ya Finland unaona zinagongana, na mimi ninavyozisoma tofauti iko hapa: Finland watu waliachwa waongee wakijisikia kuongea, Melbourne mguu wa mtu mwingine ulikuwa kwenye pedeli. Lakini pia John Zelenski na wenzake, Kanada, 2013, walikuta introvati wakiambiwa watabiri watajisikiaje wakijichangamsha wanatabiri vibaya kuliko inavyokuja kutokea. Hii ilinigusa. Vikao nilivyokwepa ninavijua kwa kuvitabiri tu, sikuwahi kwenda kuhakikisha.

Na kuna jambo ambalo kwetu linalipa hili neno uzito wake. Mtu mkimya zamani (na hata leo, muulize mama mkwe) hakuwa introvati, alikuwa anaringa. Husalimii kwa kelele, unaringa. Umewahi kuondoka, una dharau. Neno la Jung limekuja kuwatoa watu kwenye kesi hiyo, na hata kama sayansi yake ina matobo, naelewa kwanini waliolipata hawataki kuliachia. Tatizo linaanza linapomeza na mengine, hasa haya. Mwenye haya anataka kuongea ila anaogopa, mkimya hana hamu tu, na Jonathan Cheek na Arnold Buss walishaonyesha tangu 1981 kwamba haya na kutopenda watu ni vitu viwili, na anayeteseka zaidi kwenye maongezi ni yule anayependa watu huku ana haya. Huyo ukimwambia "wewe ni introvati, kaa nyumbani upate chaji" umemfungia mlango aliokuwa anatafuta namna ya kutokea. Kiswahili tayari kina mkimya, mpole, mwenye haya, mwenye aibu, kila moja na kiti chake, sijui tulivikusanya vya nini kwenye gunia moja.

Binamu nilimsimulia yote haya siku ya Jumanne, maana Jumapili na Jumatatu hapatikani. Alisikiliza mpaka mwisho, Finland yote, daladala yote, afu akauliza kitu kimoja tu: hao wanafunzi 48, walipewa advansi?