Kapteni Mmoja Akistaafu, Wanne Wanarudi Darasani

Kazini kwangu nazijua siku za kuzaliwa za watu ambao sijawahi hata kupeana nao mkono. Si kwa ajili ya keki. Huku Marekani, rubani wa shirika la ndege akitimiza miaka 65 harushi tena safari za ratiba. Zamani ilikuwa 60, ikapandishwa Desemba 2007. Kwa hiyo sisi tunaopanga mafunzo ya marubani tunajua miaka mingi mapema ni siku gani kiti fulani kitabaki wazi.

Mpwa wangu yuko Dar, ana leseni ya urubani wa kibiashara na saa mia mbili na ushee angani. Juzi alinipigia: "Mjomba, eti ni kweli huko hata uwe hodari vipi, 787 unaisubiri kwenye foleni?" Alimaanisha Boeing 787, ndege kubwa ya safari ndefu. Nikamjibu ni kweli, akacheka kama mtu aliyedanganywa. Naandika haya kwa ajili yake na wengine wanaoniuliza swali hilohilo.

Foleni yenyewe ni hivi. Siku unayoanza kazi unapewa namba. Wenzako mlioanza darasa siku moja mnapangwa kwa umri, au kwa tarakimu za mwisho za namba ya hifadhi ya jamii, kutegemea shirika. Kuanzia hapo namba ndiyo inayosema urushe ndege gani, ukae kiti cha kushoto cha kapteni au cha kulia cha rubani msaidizi, uishi karibu na kituo gani, na Krismasi uile nyumbani au hotelini. Hakuna usaili wa kupandishwa cheo. Nafasi zinatangazwa, kila mtu anaomba anachotaka, aliye mbele zaidi kwenye foleni anachukua, kisha anakwenda kufaulu mafunzo. Ukihama shirika, hata uwe kapteni wa miaka 20, unaanzia mkiani. Pan Am, shirika kubwa la hapa Marekani, lilipofungwa Desemba 1991, watu waliokuwa wakirusha 747, ndege kubwa kabisa za wakati huo, walijikuta kwingine wakiwa chini ya vijana.

Sasa turudi kwenye ile siku ya kuzaliwa. Chukua shirika lenye aina mbili tu za ndege, 787 na 737 ambayo ni ndogo zaidi. Kapteni wa 787 anastaafu. Mkeka unatoka: nafasi yake imechukuliwa na kapteni wa 737. Kiti cha huyo kinachukuliwa na rubani msaidizi wa 787 aliyechoka kukaa kulia. Cha huyu naye kinachukuliwa na rubani msaidizi wa 737, na nyuma yake anaajiriwa mgeni. Mtu mmoja kaondoka, wanne wanaingia darasani. Ongeza aina ya tatu ya ndege na mnyororo unaweza kufika sita. Kila mmoja anakaa wiki kadhaa kati ya darasa na simuleta, yaani mashine ya ardhini inayoigiza ndege, halafu anarushwa safari halisi zenye abiria akiwa na rubani mkaguzi pembeni. Wiki zote hizo analipwa, lakini hayupo kwenye ratiba ya kawaida.

Ndiyo maana nikisikia "marubani hawatoshi" huwa nauliza kwanza: hawatoshi wapi? Mara nyingi watu wapo na leseni zao mfukoni. Kinachokosekana ni nafasi ya kuwafundisha.

Na hapa ndipo kichwa kinaponiuma. Simuleta inanunulika, ingawa bei yake ni mamilioni ya dola, na inaweza kukeshwa. Nimewahi kumpangia mtu kipindi cha saa nane usiku na akaja. Mkufunzi hanunuliki dukani. Rubani mkaguzi wa safarini lazima awe rubani anayeruka, wa ndege hiyohiyo, maana anakaa kwenye kiti kabisa na kuwajibika kwa ndege. Kila mkaguzi ninayempata nimemwondoa kwenye ratiba. Tena naye ana namba kwenye foleni! Mkaguzi bora wa 737 namba yake ikifika 787, anaomba na anapata. Nimempoteza mwalimu, nimempata mwanafunzi. Mpaka aizoee ndege mpya na kupitishwa kuwa mkaguzi wake, msimu mzima umekatika. Kwa upande wa simuleta tunaokolewa na wastaafu, kwani kufundisha ndani ya kile chumba kinachoyumba juu ya miguu yake hakuna kikomo cha miaka 65. Wale wazee ni hazina, japo wengine hawapendi kabisa kipindi cha saa nane usiku.

Simuleta pia inataka watu wawili, kapteni na msaidizi. Mmoja akiamka na homa, namtafuta wa kujaza kiti chake, au wote wawili wanabaki nyuma.

Halafu kuna kanuni ambazo abiria hawazisikii. Kapteni na msaidizi hawaruki pamoja mpaka angalau mmoja wao awe na saa 75 za kazi kwenye aina hiyo ya ndege. Kapteni ambaye hajafikisha saa 100 za ukapteni kwenye ndege hiyo anaongezewa tahadhari: kimo cha chini anachoruhusiwa kushukia kabla ya kuiona njia ya kutua kinapanda futi 100, na umbali wa kuona lazima uzidi kwa nusu maili. Tena rubani aliyefuzu ndege mpya anatakiwa kutimiza saa 100 za kuruka ndani ya siku 120.

Mwaka mmoja, sitaji ni shirika gani, tulifuzisha kundi kubwa Novemba, makapteni kwa wasaidizi, tukapongezana. Desemba ikaja na ukungu wake. Wapya kwa wapya hawapangiki pamoja, wakongwe wametumia namba zao kuchukua likizo ya sikukuu, na makapteni wachache waliobaki hawaruhusiwi kutua pale ambapo mwenye uzoefu angetua. Kwenye karatasi tulikuwa na watu wa kutosha. Nililala ofisini siku mbili.

Mnyororo huu unaweza pia kurudi kinyumenyume, na hapo ni mchungu zaidi. Mwaka 2020, korona ilipokausha abiria, shirika la Delta la hapa Marekani lilistaafisha ndege zake za MD-88 na MD-90, kisha Boeing 777 zote 18. Zaidi ya marubani 1,700 walikubali kustaafu mapema. Waliobaki kwenye ndege zilizoondoka hawakukosa kazi. Walishuka na namba zao kwenye ndege nyingine, wakawasukuma waliokuwapo, nao wakasukuma wa chini yao. Kila aliyesukumwa ni mwanafunzi mpya. Safari ziliporudi kwa kasi kuliko ilivyodhaniwa, wengi walikuwa bado kwenye foleni ya simuleta. Pasaka ya Aprili 2021 shirika hilo lilifuta safari karibu 100 kwa upungufu wa wafanyakazi, na mafunzo yaliyorundikana yalikuwa sehemu ya sababu.

Wapo waliopunguza maradhi haya. Shirika la Southwest linarusha 737 peke yake, hivyo mtu anahama kiti au kituo tu. UPS, shirika la mizigo, ina aina kadhaa za ndege lakini kapteni analipwa kiwango kilekile kwa ndege yoyote, na hamu ya kuhamia ndege kubwa inapungua. Mikataba mingine inaruhusu shirika kumlipa mkongwe mshahara wa 787 bila kumpeleka darasani, kama amebakiza muda mfupi kustaafu. Ukiona mtu analipwa kwa ndege asiyoirusha, usishangae. Ni nafuu kuliko kumfundisha.

Mpwa wangu anasema mfumo huu unaua juhudi. Simpingi sana. Ila nimekaa ofisini vya kutosha kujua kwamba bosi akipewa uhuru wa kuchagua nani arushe nini, kapteni aliyekataa kuondoka kwa sababu ya hitilafu ataanza kujikuta na safari mbovu. Namba haimjui mjomba wa mtu.

Kwetu nyumbani hesabu ni nyingine. Air Tanzania ina ndege chache, lakini ina Dash 8, A220, 737 MAX, 787 na 767 ya mizigo. Aina tano, na kila aina inadai wakufunzi na wakaguzi wake. Mtu mmoja akipanda kutoka Dash 8, pengo lake linaonekana mara moja, kwa sababu hakuna mamia nyuma yake.

Nilimwambia kijana, siku ukifika huku na saa zako 1,500 wanazozidai, usichague shirika kwa picha za ndege. Uliza walio juu yako wana umri gani. Shirika lenye 787 mpya na makapteni wa miaka 40 litakuweka kiti cha kulia mpaka mvi zikuote. Lenye ndege kuukuu na makapteni wa miaka 62, baada ya miaka mitatu simu yangu ndiyo itakayokuamsha: darasa linaanza Jumatatu.