Rangi Iwe Swali la Mwisho

Mtu anayeingia duka la nyuzi kwa mara ya kwanza huenda moja kwa moja kwenye rangi. Rafu zimepangwa kuanzia nyeupe hadi nyeusi, katikati kuna damu ya mzee, samawati, zambarau, na mkono unajinyoosha wenyewe. Nayaelewa mapenzi hayo, maana ndiyo yaliyoniingiza mimi pia katika kazi hii. Lakini kazi nyingi zinazoishia ndani ya mfuko zikiwa nusu zilianzia hapo hapo: uzi ulipendwa kwa macho, ukanunuliwa, kisha ukalazimishwa kuwa kitu usichoweza kuwa.

Kwa hiyo mteja akiniuliza, “Hii rangi ipo ya kutosha?” mimi namrudisha nyuma kidogo. Unataka kutengeneza nini? Nani atakivaa? Na nani atakifua? Swali hili la mwisho huwashangaza wengi, kumbe ndilo linaloamua zaidi ya yote.

Tuanze na sufu. Unywele wa kondoo umefunikwa na magamba madogo yaliyolaliana kama vigae vya paa, huyaoni bila hadubini. Ukiitia sufu kwenye maji ya moto yenye sabuni na kuifikicha, magamba yale yananasana, nywele zinavutana, na kitambaa kizima kinasinyaa na kuwa kinene. Hakirudi tena. Sweta ya mtoto mchanga iliyofumwa kwa sufu ya kawaida, ikiangukia mikononi mwa mtu aliyechoka anayetupa kila kitu kwenye mashine, itatoka inamtosha mwanasesere. Aliyefuma hakukosea hata kitanzi kimoja. Aliyeuza ndiye hakuuliza.

Ipo sufu iliyotengenezwa ili ifuliwe kwa mashine. Magamba yake hulainishwa kwa klorini, kisha nywele hupakwa utando mwembamba wa plastiki. Ni uzi mzuri, nauuza kwa moyo mweupe, ila una tabia yake: kwa kuwa hauna tena magamba ya kushikana, ukilowa unalegea, na nguo inarefuka. Anayeufuma lazima ajue hilo kabla ya kupima urefu wa mikono.

Sufu inapendwa kwa sababu inavutika na kurudi, na kwa sababu inaweza kunywa unyevu wa karibu theluthi moja ya uzito wake kabla mvaaji hajahisi kuwa imelowa. Pamba haina mvutiko huo. Ni baridi mwilini, ni imara, hufulika bila wasiwasi, lakini kingo za mikono na shingo zikifumwa kwa pamba hulegea na kubaki zimelegea. Akriliki, uzi wa kiwandani wa jamii ya plastiki, ni rahisi kutunza, na kwa blanketi la mtoto siwezi kuibeza hata kidogo. Adui yake ni pasi. Joto likizidi, uzi unalainika, unapoteza uhai wake wote, na kitambaa kinaning’inia bila umbo milele. Uzi unaoitwa wa mianzi, kwa kawaida, ni rojo la mti huo lililoyeyushwa kwa kemikali na kugeuzwa uzi upya: unang’aa, ni mzito, unadondoka vizuri kwenye mtandio, na unaiangusha sweta inayotakiwa kusimama.

Mambo haya hayaonekani rafuni. Yako kwenye lebo, na mengine yako vidoleni. Nikitaka kumfundisha mtu kuusoma uzi, nashika ncha yake na kuufungua taratibu, nikiuzungusha kinyume cha ulivyosokotwa. Unaachana, na sasa tunaweza kuhesabu: je, ni uzi mmoja tu uliosokotwa kidogo, au ni nyuzi tatu au nne zilizosokotwa pamoja? Ule wa uzi mmoja ni laini ajabu na rangi zake huonekana zina kina, lakini ukisuguana na kwapa au mkoba wa begani utaota vidonge vidogo vya manyoya upesi. Uzi wa nyuzi nyingi zilizokazwa ndio unaofaa soksi. Soksi, tena, hutaka sufu iliyochanganywa na nailoni, mara nyingi robo ya nailoni kwa robo tatu za sufu, maana kisigino hakina huruma.

Kisha nauweka uzi shingoni mwa mteja, chini ya taya, sio kwenye kiganja. Ngozi ya kiganja ni nene na haisemi kweli. Kinachowasha kwenye sufu, kwa wengi, si mzio bali ni unene: nywele zenye kipenyo cha zaidi ya maikroni 30 hivi (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) zina ncha ngumu zisizopinda zinapogusa ngozi, kwa hiyo zinachoma. Sufu ya kondoo wa merino huwa chini ya maikroni 24, ndiyo maana inavaliwa karibu na mwili. Kwa koti la nje, sufu nene ni bora, inadumu kuliko merino. Shingo itakuambia ndani ya dakika moja uzi huo ni wa ndani au wa nje.

Kuhusu kiasi cha kununua, nitasema kwa ufupi: hesabu mita, usihesabu gramu. Gramu 100 za uzi mwembamba wa soksi ni kama mita 400. Gramu 100 za uzi mnene sana hazifiki hata robo ya hapo. Pamba nayo ni nzito kuliko sufu, kwa hiyo ukibadilisha sufu kwa pamba kwa kufuata uzito, utaishiwa uzi kabla ya kumaliza mkono wa pili.

Na kuishiwa huko ndiko kunakotuleta kwenye namba ndogo iliyopigwa muhuri kwenye lebo, kando ya namba ya rangi. Ni namba ya mkupuo. Nyuzi hutiwa rangi kwa mikupuo, na hata kama mchanganyiko ni uleule, maji, joto na muda haviwi sawa kabisa kila mara. Madonge mawili yenye jina moja la rangi na namba tofauti za mkupuo yanaweza kufanana kabisa chini ya taa ya duka, kisha yakatengana waziwazi kifuani mwa sweta ukitoka juani. Nunua ya kutosha kwa mara moja, na donge moja la ziada. Ikishindikana kabisa, usifume donge moja mpaka liishe ndipo uanze jingine. Fuma safu mbili kwa hili, mbili kwa lile, mpaka macho yasione mpaka. Nyuzi zinazotiwa rangi kwa mkono ndivyo zinavyotakiwa kufumwa tangu mwanzo, kwa sababu kila shada lina sura yake.

Shada lenyewe halifumiki lilivyo. Ni duara kubwa la uzi lililopotolewa, na ukijaribu kulifuma moja kwa moja utakesha ukifungua mafundo. Huwa nalitandaza kwenye mwavuli wa mbao unaozunguka na kuliviringisha donge hapo hapo kwenye kaunta. Naviringisha kwa kulegeza. Donge lililokazwa linaunyosha uzi, kisha uzi ule unafumwa ukiwa umenyooka, na nguo inajivuta siku ya kuifua kwanza.

Sasa kipande cha kupimia, kile kidogo cha majaribio kinachofumwa kabla ya nguo, ambacho kila mfumaji anakijua na karibu kila mtu anakikwepa. Lebo inasema, kwa mfano, vitanzi 22 kwa sentimita 10. Hiyo ni ahadi ya mkono wa mtu mwingine. Tuseme unataka sweta yenye mzunguko wa sentimita 100 kifuani, ukaanzisha vitanzi 220 kwa kuamini lebo, lakini mkono wako umelegea kidogo na unatoa vitanzi 20 tu kwa sentimita 10. Sweta itatoka na sentimita 110. Vitanzi viwili tu, na nguo imekuwa ya mtu mwingine. Fuma kipande cha sentimita 15 kwa 15, kifue jinsi nguo itakavyofuliwa, kikauke kikiwa kimelazwa, kisha upime katikati, mbali na kingo zinazojikunja. Kama vitanzi ni vichache, shuka sindano nyembamba zaidi. Usijikaze mkono, kwa sababu mkono uliokazwa husahau baada ya safu kumi. Hata aina ya sindano ina neno: za chuma huteleza na kuulegeza mkono, za mianzi huushika uzi.

Upande wa pili wa duka ni wa kudarizi kwenye kanvasi, kitambaa kigumu cha matundu kinachojazwa sufu au hariri mpaka kisionekane tena. Mary Stuart, malkia wa Scotland, aliifanya kazi hii kwa hariri akiwa kifungoni Uingereza pamoja na Bess wa Hardwick, mke wa bwana aliyekuwa akimlinda, na vipande vyao bado vipo katika nyumba ya Oxburgh Hall, Norfolk. Hapa pia swali la kwanza si rangi. Ni matundu mangapi kwa inchi. Mto wa inchi 12 kwa 12 kwenye kanvasi ya 13 ni mishono 24,336. Mto huohuo kwenye kanvasi ya 18 ni mishono 46,656. Picha ya pili itakuwa na maua yenye mikunjo na vivuli, ila kazi ni karibu mara mbili, na macho lazima yakubali. Anayeanza nampa 13, na sindano butu, kwa sababu sindano kali huchoma nyuzi za kanvasi yenyewe. Uzi akate wa sentimita 45 tu. Mrefu zaidi ya hapo utasuguliwa na matundu mpaka unyauke kabla haujafika mwisho.

Kuna njia tatu za kupiga mshono ule mdogo wa mshazari, na kwa mbele zote zinafanana. Tofauti iko nyuma, na nyuma ndiko kunakobeba uhai wa mto. Ya kwanza, ya nusu msalaba, inatumia uzi kidogo na kuacha mgongo wa kanvasi karibu mtupu. Kwa kitu kinachokaliwa, siipendekezi. Ya pili huenda safu kwa safu na kujaza mgongo vizuri, lakini inaivuta kanvasi upande mmoja mpaka mraba unakuwa umepinda. Ya tatu, mshono wa kikapu, huenda kwa mshazari, safu moja ikishuka na nyingine ikipanda, na kwa nyuma inaacha msuko kama wa kitambaa kilichofumwa. Hiyo ndiyo ninayoifundisha tangu siku ya kwanza, ingawa wengi huambiwa waisubiri.

Ukitaka kuiona inavyofanya kazi, iinue kanvasi karibu na macho. Kila mahali mtande, uzi wa wima, unapokutana na mshindio, uzi wa mlalo, mmoja uko juu ya mwenzake. Uzi wa wima ukiwa juu, safu hiyo unashuka nayo. Wa mlalo ukiwa juu, unapanda. Kanvasi yenyewe inakuongoza. Ukishuka mara mbili mfululizo, mstari mwembamba wa mshazari utajitokeza mbele, na hakuna pasi itakayoufuta. Ndiyo maana mtu anayeiweka kazi chini kwenda kufanya shughuli nyingine aache sindano katikati ya safu, sio mwishoni, ili akirudi ajue alikuwa anaelekea wapi.

Jambo la nondo halikwepeki kwa mwenye sufu nyingi. Nondo mwenyewe, yule anayeruka, hali chochote. Ni viwavi wake wanaokula sufu na hariri, na wanapenda zaidi mahali penye jasho au doa. Safisha kabla ya kuhifadhi, na kila uzi unaotoka kwa mtu mwingine ufungie kwenye mfuko, uuweke kwenye friza kwa wiki moja au mbili kabla haujakaa na wenzake.

Kanvasi ikimalizika, hata ya mshono wa kikapu, mara nyingi inahitaji kunyooshwa. Jaribu kwanza kila rangi kwa kitambaa cheupe chenye unyevu. Rangi ikitoka, usiilowanishe kazi. Ikiwa salama, inyunyizie maji mpaka gundi inayoipa kanvasi ugumu wake ilainike, ivute kwa pembe mpaka iwe mraba kamili, na uipigilie kwenye ubao kwa pini zisizoshika kutu, kila sentimita mbili hivi. Iache hapo mpaka ikauke kabisa, hata ikichukua siku kadhaa. Ukiitoa kabla haijakauka itarudi kwenye upinde wake, na itabidi uilowanishe uanze upya.