Filta ya Mkaa Hufa Kimya: Dhana Potofu Kuhusu Kubadilisha Filta za Maji Nyumbani

Filta ya maji ikiziba, nyumba nzima inajua. Maji yanachuruzika kama uzi, jagi halijai, na lawama zinaanza. Filta ya mkaa ikichoka hakuna anayejua. Maji yanashuka kwa kasi ileile, meupe yaleyale, na mtu anaweza kukaa miezi akinywa maji ambayo kwa kweli yamepita tu ndani ya plastiki. Dhana nyingi nilizozisikia kuhusu kubadilisha filta zimezaliwa na kuchanganya vifo hivi viwili, kimoja cha kelele na kingine cha kimya.

"Maji bado yana kasi, kwa hiyo filta bado nzima"

Hii ni kweli nusu, na ndiyo maana haifutiki. Mashine nyingi za nyumbani zina filta mbili au zaidi zilizopangwa foleni. Ya kwanza huwa ya mashapo: nyuzi za plastiki zilizoshikanishwa, zenye kazi ya kunasa mchanga, kutu na tope. Hiyo ni chekecheke. Kadiri inavyojaa, matundu yanazidi kuwa membamba na presha inashuka. Kwa muda fulani filta ya mashapo iliyotumika huchuja hata vizuri kuliko mpya, kwa kuwa uchafu ulionaswa unageuka kuwa chujio la ziada. Kwa filta hii, kasi ya maji ni shahidi mwaminifu.

Inayofuata ni ya mkaa, na mkaa hauchekechi. Mkaa wa filta hutengenezwa kwa joto kali, mara nyingi pamoja na mvuke, mpaka ndani yake unajaa vijitundu visivyohesabika. Gramu moja tu huwa na kuta za ndani zenye eneo la mita za mraba 500 na zaidi. Mkaa mzuri hupita 1,000. Molekuli za kemikali nyingi hunata kwenye kuta hizo zinapopita. Klorini nayo hubadilishwa kuwa kloridi, ambayo imo hata kwenye chumvi ya kawaida. Sasa kuta zikishajaa, molekuli inayofuata haina pa kunata, inapita zake. Njia ya maji haijaziba popote, basi kasi ibadilike kwa nini? Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, ila huu mshindo wake hausikiki kwenye koki.

Kuna la kushangaza zaidi. Mkaa ulioshiba unaweza kurudisha ulichokula. Maji yanayoingia leo yakiwa na kemikali kidogo kuliko ya wiki iliyopita, sehemu ya kile kilichonata hubanduka na kushuka kwenye glasi. Filta ya namna hiyo haisaidii kidogo, kama wengi wanavyojipa moyo. Siku nyingine inaongeza.

"Nikiichemsha na kuianika juani inarudi upya"

Ninaelewa inakotoka. Chujio la chai ukiliosha linarudi kama lilivyokuwa, kwa nini filta isirudi? Kwa sababu uchafu wa chujio la chai umekaa juu yake, na wa mkaa umenata ndani ya vijitundu ambavyo brashi haifiki na maji ya moto hayabandui. Viwandani mkaa uliochoka hufufuliwa kweli, lakini kwenye tanuri za joto la nyuzi 800 hivi na zaidi, hewa ikidhibitiwa ili usiungue ukawa majivu. Sufuria inayochemka inaishia nyuzi 100.

Unachofanikiwa kwa kuchemsha ni kulegeza gundi na kupinda vifuniko vya plastiki vya ncha mbili. Vikishapinda, maji hupata mwanya pembeni na kupita bila kuugusa mkaa. Filta ya mashapo nayo ukiisugua, unafungua matundu yake kuliko yalivyokusudiwa.

Ipo inayooshwa kihalali: filta ya kauri, ile inayofanana na mshumaa mnene mweupe. Uchafu wake hubaki kwenye ngozi ya nje, kwa hiyo husuguliwa kwa brashi laini na maji safi, bila sabuni, mpaka iwe nyembamba kuliko kipimo kinachotolewa na mtengenezaji. Ikipata ufa, hata mwembamba kama unywele, itupe. Bakteria hawahitaji mlango mkubwa. Tena angalia kama ndani yake imejazwa mkaa. Nyingi zimejazwa, na kusugua nje hakuufanyii mkaa huo lolote.

"Ulimi wangu utanijulisha"

Mwaka 1854, kipindupindu kilipolipuka mtaa wa Soho jijini London, daktari John Snow alifuatilia vifo hadi kwenye pampu moja ya Broad Street. Miongoni mwa waliokufa alikuwemo mjane aliyekuwa akiishi Hampstead, mbali na mtaa huo. Alikuwa ameyapenda maji ya pampu hiyo kiasi kwamba aliletewa chupa nyumbani. Ladha ndiyo iliyomponza.

Madini ya risasi katika viwango vinavyodhuru watoto hayana ladha. Aseniki haina ladha wala rangi. Naitreti vilevile. Kinachoonjwa kirahisi ni klorini, na harufu yake ikirudi kwenye maji yaliyochujwa ni dalili ya kweli kwamba mkaa umekwisha. Tatizo ni kwamba inarudi polepole, na pua iliyozoea haishtuki. Mara nyingi mgeni ndiye anayeuliza.

Hapohapo kuna dhana pacha: kwamba filta ikiwa mpya basi maji yoyote ni salama. Filta ya mkaa ya kawaida haikuundwa kuzuia vijidudu. Kama maji yako yalikuwa ya kuchemshwa kabla ya filta, bado ni ya kuchemshwa, isipokuwa mashine ina kitu kingine cha kazi hiyo, kama taa ya miale ya UV au utando wa kuchujia bakteria. Kauri nzuri huzuia bakteria, lakini virusi ni wadogo mno kwake.

"Taa ya kubadilisha haijawaka"

Kwenye majagi na mashine nyingi taa hiyo ni saa tu. Inahesabu siku tangu ulipobonyeza kitufe, au lita zilizopita, na haijawahi kuonja maji yako. Ikiwa ni ya kuhesabu siku, nyumba ya watu wanane na ya mtu mmoja zinapata taa siku moja.

Taa ya UV ina hadaa yake. Kwa kawaida hupewa saa 9,000, yaani kama mwaka mmoja ikiwaka usiku na mchana. Baada ya hapo inaendelea kung'aa kibuluu kama kawaida, ila mng'ao unaouona sio miale inayoua vijidudu. Miale yenyewe imeshafifia.

"Tulisafiri mwezi mzima, kwa hiyo siku hizo hazihesabiki"

Zinahesabika, pengine kuliko siku za kawaida. Mkaa umeshaiondoa klorini, kwa hiyo maji yaliyobaki ndani ya kikombe cha filta, yaani chombo cha plastiki kinachoishika, hayana mlinzi. Giza lipo, unyevu upo, na chakula cha bakteria kimenata ukutani. Wengi wa bakteria hao hawamdhuru mtu mwenye afya njema, lakini kwa mtoto mchanga au mgonjwa mwenye kinga dhaifu mimi nisingebahatisha. Ukirudi, acha maji yamwagike dakika kadhaa kabla ya kunywa. Kama ulikaa mbali muda mrefu, badilisha. Ndiyo maana watengenezaji huandika vipimo viwili, lita na miezi, na kinachotangulia kufika ndicho kinachotawala.

"Kipimo cha TDS kinasema namba ni ileile, filta haifanyi kazi"

Au kinyume chake: namba iko chini, kwa hiyo kila kitu ni salama. Kidude hiki kinapima jinsi maji yanavyopitisha umeme, kisha kukadiria chumvi na madini yaliyoyeyuka. Mkaa hauondoi chumvi, kwa hiyo namba kabla na baada yake zitakaribiana hata filta ikiwa ya leo asubuhi. Dawa za wadudu, vijidudu na harufu havionekani kwake kabisa.

Mahali pake ni kwenye mashine za RO, zile zinazosukuma maji kwa presha yapenye utando mwembamba unaozuia hata chumvi. Pima maji yanayoingia na yanayotoka; utando mzima huzuia zaidi ya asilimia 90 ya chumvi. Namba ya kutokea ikianza kupanda mwezi hadi mwezi, utando unachoka.

Nikiwa bado kwenye RO, kuna ubahili mmoja unaoumiza. Utando ndiyo sehemu ya gharama, unadumu miaka 2 au 3, kwa hiyo watu huutunza machoni na kuzisahau filta ndogo za mbele yake, ambazo huhitaji kubadilishwa kila miezi 6 hadi 12. Lakini tando nyingi za kisasa huliwa na klorini. Mkaa wa mbele ukichoka, klorini inaufikia utando na kuutoboa kidogo kidogo, na uharibifu huo hauna dawa. Aliyeahirisha filta ya bei nafuu amejinunulia utando mpya.

"Inayoingia ndiyo inayofaa"

Vikombe vingi vya filta vina kipimo kimoja, inchi 10 kwa urefu na inchi 2.5 kwa upana, kwa hiyo karibu kila kitu kinaingia. Kuingia si kufaa. Tazama mikroni (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), yaani ukubwa wa chembe inazonasa, kisha tazama kama namba hiyo ni ya kukadiria au kamili. Mikroni 5 ya kukadiria inamaanisha chembe nyingi za ukubwa huo zitanaswa, si zote. Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka ukumbuke Milwaukee, Marekani, mwaka 1993: kimelea cha Cryptosporidium kilipenya mtambo wa maji wa jiji, na watu wanaokadiriwa kuwa 400,000 wakaugua. Kimelea hicho kina upana wa mikroni 4 hadi 6, na klorini ya bomba haikiui. Kukizuia kunataka mikroni 1 kamili au chini yake. Kuchemsha pia kunakimaliza.

Kwenye lebo, namba 42 ya viwango vya Kimarekani vya NSF/ANSI inahusu ladha, harufu na klorini. 53 inahusu mambo ya afya kama risasi na vimelea. 58 ni ya mashine za RO. Hata ukiiona 53, soma orodha ya vilivyopimwa, maana filta hupewa cheti kwa kila kitu ilichopimiwa, si kwa jumla.

"Kaza kwa spana ili isivuje"

Hili nililipa kwa sakafu iliyolowa. Nilikaza kikombe kwa spana, kikapata ufa, na usiku nikasikia maji. Spana ni ya kufungulia. Wakati wa kufunga, mkono unatosha, kwa kuwa kinachozuia maji ni ule mpira wa duara kwenye mdomo wa kikombe. Ufute, uchunguze kama umekauka au kukatika, upake kidogo grisi ya silikoni ya vyombo vya chakula, uurudishe kwenye mfereji wake. Mafuta ya mgando ya kujipaka yaache bafuni. Huvimbisha na kulegeza baadhi ya mipira. Na kabla ya kufungua, funga maji kisha bonyeza kitufe cha kutoa presha kilicho juu ya kifuniko, la sivyo utaoga.

Filta mpya ya mkaa ikitoa maji meusi, hujauziwa bovu. Ni unga wa mkaa uliotokana na safari na kiwanda. Mwaga maji mpaka yatakate, kwa muda ulioandikwa kwenye karatasi yake. Yakitoka na ukungu kama yametiwa maziwa, yaweke kwenye glasi utazame. Yakitakata kuanzia chini kwenda juu, ni hewa iliyokuwa ndani ya filta kavu.

Kisha, kabla ya kurudisha vifaa, andika tarehe ubavuni mwa kikombe kwa kalamu ya wino usiofutika. Mimi huandika na tarehe ya kubadilisha tena, kwa sababu ukiniuliza bila maandishi nitakujibu kwamba nilibadilisha juzijuzi tu.